Samaki ya sikukuu ya wazazi

Ku Likasi, tarehe 1 Agosti haianzaki na chakula. Inaanza na jembe. Asubuhi mapema watu wanashika majembe, mafagio na ndoo za maji, wanaenda ku makaburi kutosha nyasi juu ya wafu wao. Kwetu Kongo siku hii ni ya wafu na ya wazazi pamoja: asubuhi ni ya wale waliotangulia, na toka saa sita ni ya wale wangali hai. Watu wanarudi nyumbani, wananawa udongo mu mikono, na hapo njo watoto wanaanza kupikia wazazi wao.

Safari hii sisi wa ukurasa huu tulialikwa mu lupango moja ya Panda, ku kambi ya zamani, zile nyumba za matofali zilizopangwa mistari mistari, na muti wa maembe nyuma. Mwenye sikukuu alikuwa nkambo wa jamaa, muzee aliyepita miaka 80. Aliingia kazi wakati ilikuwa ingali Union Minière, kabla serikali haijaichukua mwanzo wa 1967, na alitumika miaka 31. Bibi yake njo walitoka kumusafishia kaburi asubuhi ile. Watoto walipomuuliza wamupikie nini, kuku ao mbuzi, alijibu mbio:

— Mbuzi tunakulaka ku kilio. Munipikie samaki. Na mupikie inje, nione moto.

Basi ikawa samaki. Lakini siyo ya aina moja. Kila mutoto alileta ile aliweza, kila mumoja kutoka upande wake, na mbele ya saa munane mule mu lupango mulikuwa mbabula tatu zinawaka na samaki kutoka pande tatu. Tulikuja kuandika juu ya chakula. Tulirudi na habari ya mugoti, maana ile samaki yote, ukiifuata nyuma, inakufikisha ku mugoti.

Tuanze na moto. Wengi wanafikiri watu wanapika inje juu courant inakatika. Ni kweli, inakatika. Lakini hata ingekuwako saa 24, chakula ya watu 30 haipikwi ndani. Samaki inatoa moshi na harufu, mafuta yanaruka, na chungu cha bukari ya watu 30 hakikai ku resho. Tena nani anataka kufungiwa mu kikoni siku ya sikukuu, wakati wengine wanacheka chini ya muti?

Mama wa nyumba, binti wa kwanza wa nkambo, alipanga mbabula zake kama vile kapita anapanga wanakazi. Ya kwanza, ile kubwa ambayo fundi aliikata mu pipa ya mafuta, ilikuwa ya kukaanga: makala mengi, moto mukali. Ya pili ilikuwa ya kuchoma. Makala yake yaliwashwa saa nzima mbele, mpaka yakavaa majivu meupe na hakuna moto wa kuruka tena. Ya tatu, ya bukari, aliiweka kando ya ukuta, juu ya upepo wa Agosti. Wale wanaochoma samaki juu ya makala yangali meusi, alituambia, wanakula ngozi yenye kuungua na nyama mbichi, kisha wanasema samaki ndiyo ilikuwa mubaya.

Makala yalitolewa na kijana wa tatu, creuseur, yeye pamoja na chupa za Simba na ndoo ya munkoyo. Alikuwa anataka kuleta zaidi, lakini bei ku dépôt ilishuka. Alitueleza hii mara tatu. Hakuna mutu alimuuliza.

Samaki ya kwanza kuingia ku moto ilikuwa mpale. Binti wa pili anaishi Lubumbashi, njo aliinunua kule na kuileta na bus, mu glasière yenye barafu. Mpale ni ya jamaa ya tilapia, bapa, yenye nyama nyeupe. Inatoka Kasenga, ku mto Luapula, na ku ziwa Mweru, kilometa zaidi ya 200 toka Lubumbashi. Mama aliiangalia moja moja mbele ya kuipokea. Macho yawe wazi, yasiingie ndani. Pale pembeni samaki inapumulia pawe pekundu, siyo rangi ya udongo. Ukiifinya na kidole, nyama irudie. Dada mutu alikuwa anangojea pale kama mwanafunzi mbele ya mwalimu, na hakuna moja iliyoanguka mutihani.

Kisha magamba, tumbo, maji safi. Kila upande alikata mistari tatu mpaka ku mufupa. Mu kinu alitwanga tangawizi, ail, pilipili na chumvi, akachanganya na ndimu na mafuta kidogo, akapaka ndani ya ile mistari na ndani ya tumbo, akaacha samaki mu kivuli saa nzima. Wavu wa kuchomea aliupaka mafuta ungali na moto, ili ngozi isishike. Na hapa njo kuna kosa la wengi: wanageuza geuza. Samaki inageuzwa mara moja tu. Ukiona jicho limekuwa jeupe kama chaki, na nyama ya ku shingo inaachana na mufupa, tosha.

Ine kati ya zile mpale hazikuchomwa. Alizifunga mu majani ya ndizi pamoja na tomate, vitunguu na mafuta. Majani yanapitishwa kwanza juu ya moto ili yalegee, pasipo ile yanapasuka wakati wa kufunga. Yale mafungo aliyalaza pembeni ya makala, siyo juu, karibu dakika 40. Nkambo alisogeza kiti chake pale pale mpaka moshi ikamutosha machozi. Alikataa kurudi nyuma.

— Mpale ni muzuri, alisema. Lakini baba yangu alikuwa anasema, kama hukukula mpumbu, wewe hujakula samaki.

Vijana hawakujua mpumbu ni nini. Hata sisi, wawili kati yetu, tulijua jina tu. Mpumbu ilikuwa samaki kubwa ya Luapula na Mweru. Mwanzo wa mvua ilipanda mto kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai, na yale mayai watu waliyapenda kuliko nyama yenyewe. Mbele ya Vita ya Pili, mugoti ya Katanga na ile ya ng'ambo, upande wa Zambia ya leo, ilikuwa inatafuta chakula cha maelfu ya wanakazi. Ba Greki wenye biashara walikaa Kasenga, wakanunua samaki, wakaiweka mu barafu na kuipeleka na kamio mpaka Elisabethville. Nyavu zilifunga njia pale samaki inapandia, na mpumbu jike ilikamatwa tumbo likijaa, mbele ya kutaga. Ule mwendo uliendelea mwaka kwa mwaka. Kufika mwisho wa miaka ya 1940, mpumbu ilipunguka sana, na toka pale haikurudia tena kuwa samaki ya soko. Wavuvi waligeukia mpale.

Kwa hiyo baba ya nkambo, mwanakazi wa mugoti, alikula mpumbu mu posho yake. Nkambo mwenyewe hakuonja hata mukia.

— Si munajua ile maneno, alisema. Kazi njo baba, kazi njo mama. Basi baba na mama walikula samaki yote, wakatuachia miiba.

Watu walicheka sana, na yeye akaendelea kuangalia moto. Upande wa Zambia leo, uvuvi wa Mweru unafungwa toka tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki ipate kuzaa. Wasomaji wetu wanaonunua samaki mubichi mu Januari wanaweza kuuliza muuzaji inatokea wapi. Kuuliza ni bure.

Ku mbabula kubwa, wakati ule, Thomson ilikuwa inalia mu mafuta. Hapa njo bahari iliingia mu lupango. Watu wa Likasi wengi hawajaona bahari, lakini hakuna nyumba isiyojua Thomson. Ni samaki ya bahari ya Atlantiki, ya upande wa Namibia. Inavuliwa mu maji baridi ya kule, inagandishwa, inawekwa mu karto, na kamio zinaipandisha kupitia Zambia mpaka Kasumbalesa. Mukwe wa nkambo, bwana wa binti wa pili, ni shofere wa kamio, na yeye alileta karto mbili.

— Ninapeleka mukuba Walvis Bay, nikirudi napata Thomson, alituambia. Kilometa zaidi ya 2.000 kwenda, na kurudi vilevile.

Tulimuomba atueleze bahari. Alifikiri kidogo. Alisema aliingiza miguu, akaitosha mbio, maana maji yale ni baridi kuliko asubuhi ya Julai ku Likasi. Basi. Yote mingine aliyotueleza ilikuwa ku mpaka: siku ngapi kamio ililala ku mustari, nani aliomba nini. Bahari kwake ni mahali pa kushusha mizigo. Lakini watoto walimusogelea na kumuuliza kama maji yake ni ya chumvi kweli, na nani aliitia chumvi.

Juu ya Thomson, mama wa nyumba ana sheria tatu, na sisi tunaziandika kama vile alizisema, maana tumeona watu wakigonjwa. Inunue mwisho, kisha kumaliza mambo mengine yote ya soko. Inunue ikiwa ngumu kama ubao. Ile ambayo imelegea ku meza ya muuzaji, kisha ikarudishwa mu frigo, iache. Na ikishayeyuka, ipike siku ile ile. Samaki ya aina hii, kama ilikaa mu joto, inatengeneza ndani ya nyama kitu ambacho moto hauwezi kuua. Mutu anakula, na kisha muda mufupi uso unakuwa mwekundu, mwili unawasha, kichwa kinapiga. Anasema amerogwa. Hakurogwa, alikula samaki iliyolala inje.

Kukaanga kwake hakuna siri. Aliipangusa na kitambaa mpaka ikauka, akatia chumvi, na akaingiza vipande vine vine mu mafuta yenye moto sana. Mukijaza chungu, mafuta yanapoa na samaki inakunywa mafuta. Nusu ilibakia kavu vile. Nusu nyingine iliingia mu mchuzi wa tomate na vitunguu, kwa wale wasio na meno.

Samaki ya tatu ilikuwa fretin ya Tanganyika, ile inakuja na mifuko toka Kalemie na Moba. Hapa hatuna mengi ya kusema. Iliokwa kavu mu chungu, pasipo mafuta, mpaka ikanukia, ikapata tomate na pilipili, na watoto waliimaliza na mikono mbele wakubwa hawajageuka.

Ilikuwa karibu saa tisa wakati pikipiki iliingia. Aliyeshuka alikuwa shemeji wa mama wa nyumba, mudogo wa bwana yake, mutu wa Kapolowe. Nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga beseni kubwa yenye kufunikwa na majani mabichi. Watu walipiga kelele ya furaha. Alifungua majani, na ndani samaki zilikuwa zinarusha mikia: tilapia za kiganja, na kambale watatu weusi wenye ndevu.

— Shemeji, karibu! Aksanti kabisa, mama wa nyumba alisema. Ni ya wapi?

— Ya kwetu, ya Tshangalele. Tulivua usiku. Angalia, zingali zinapumua.

Mama hakujibu kitu. Aliangalia binti yake, mwenye tumbo la miezi saba, aliyekuwa anamenya vitunguu. Kisha akachukua ile beseni, akaipeleka nyuma ya nyumba mu kivuli, na akarudia ku mbabula yake.

Kwetu zawadi ya chakula ikiwekwa kando, kila mutu anaona. Shemeji aliona. Alipewa kiti, alipewa Simba, alikunywa polepole. Alikuwa ameacha kucheka. Sisi vilevile tulianza kuangalia saa, kama wageni wanaojua kwamba kuna kitu kitasemwa.

Inafaa tueleze hapa ile beseni ilibeba nini. Tshangalele siyo ziwa lililoumbwa vile. Ni watu walilifanya, wakati baraji ya Mwadingusha ilifunga mto Lufira. Mitambo yake ilianza kutoa courant mu 1930, courant ya viwanda vya mukuba. Maji yalitanda, samaki ikazaa, na watu wa Kapolowe wakawa wavuvi. Lakini mito inayopita ku Likasi, karibu na viwanda, inashuka kule kule. Ile ambayo viwanda vinaitoa kwa miaka na miaka, mvua inaibeba mpaka mu ziwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipima, na mu 2010 waliandika ile waliikuta mu bonde la Lufira: shaba, kobalti na madini mengine mu udongo wa chini ya maji, mu mimea na mu samaki. Mwaka mumoja mbele, mu 2009, watafiti wa Lubumbashi pamoja na wa Ubelgiji walionyesha kwamba watu wa Katanga wanaoishi karibu na mugoti na viwanda wako na kobalti nyingi mu mikojo yao kuliko wanaoishi mbali. Hii siyo habari ya kunong'onezana ku soko. Imeandikwa, na mama wa nyumba alikuwa ameisikia ku consultation ya wenye mimba, wakati alimusindikiza binti yake.

Siyo sumu ya kukuangusha siku ile ile. Ingekuwa vile, watu wangeijua zamani. Inaingia kidogo kidogo, miaka. Mu mwili wa samaki inakaa zaidi mu matumbo, mu ini na pale inapopumulia, kuliko mu nyama. Na moto hauitoshi. Ndimu haiitoshi, chumvi haiitoshi, kukaanga mpaka ikauke haiitoshi. Wa kwanza kulindwa ni mutoto mudogo na yule angali mu tumbo.

Saa ilipita. Mpale ilitoka ku moto, bukari ilikuwa inapigwa. Shemeji akasimama.

— Shemeji, samaki yangu iko na nini?

Maneno yote yalikatika. Hata ile karindula iliyokuwa inapigwa mu simu ya kijana, mutu aliizima.

— Haina kitu, shemeji. Ni juu ya mutoto. Iko na mimba. Ku consultation walisema, samaki ya Tshangalele, apana.

— Kule kwetu ba mama bote banakulaka ile. Bana mimba, banakula. Batoto banakula, kila siku. Sasa munasema tunakula nini, udongo?

Hakuna mutu alijibu. Ukweli ni kwamba hatukuwa na jibu, na tulikuwa watu wa gazeti wawili pale, na karatasi mu mikono. Ni vyepesi kusema musile. Mutu anayeishi ku ukingo wa ziwa, ambaye samaki njo nyama yake, njo shule ya watoto wake, njo sabuni, utamwambia ale nini kesho?

Ni nkambo aliyeita beseni.

— Mulete hapa. Muisafishe mbele yangu.

Ikaletwa. Shemeji mwenyewe alishika kisu, na mama wa nyumba akashika kingine, wakainama wote wawili juu ya maji. Nkambo aliwaamuru kama ku kazi. Matumbo, tosheni yote, muzike mu shimo, imbwa asikule. Ini, tosha. Pale inapumulia, kata. Kichwa, kata, leo hakuna kichwa. Kambale, ambaye anakula mu matope, mukate tumbo lote mpaka nyuma. Waliosha maji mara tatu. Ikabakia nyama tu, karibu nusu ya ile iliyoingia, na ikaenda ku makala.

— Watoto hawakule, nkambo alisema. Wewe mwenye tumbo, usikule. Wakubwa tutakula. Mimi nilivuta vumbi ya kiwanda miaka 31, hii samaki itanifanya nini tena?

Watu walicheka. Mama wa nyumba hakucheka. Aliendelea kupaka tangawizi na uso chini, na tuliona mukono wake unatetemeka kidogo, lakini pengine ilikuwa baridi ya maji.

Bukari ilikuwa tayari. Wale hawajaiona bukari ya watu 30 ikipigwa inje hawajui kazi. Chungu kilishikwa na wanawake wawili, kila mumoja na kitambaa na muguu mumoja wa kukizuia, na wa tatu alisimama juu yake na mwiko mrefu kama wa kuvutia pirogi. Unga uliingia mara tano. Ba papa walitoa mashauri toka ku viti vyao, kwamba iko laini, kwamba iko ngumu. Mama mumoja aliinua mwiko, akawaonyesha, akasema anayejua akuje. Mashauri yakaisha. Pembeni kulikuwa sombe, na lengalenga kwa ajili ya wenye shida ya tumbo.

Tulinawa mikono kwa mustari, na watu wakakaa vile wanakaaka: ba papa chini ya muembe, ba mama ku mikeka karibu na moto, watoto popote. Mpale kubwa kuliko zote, yenye kichwa chake, ilipelekwa kwa nkambo. Alikula shavu la kwanza, akafunga macho. Alikula la pili. Kisha akaomba tilapia ya Tshangalele, akaiweka juu ya bukari, akamwita shemeji akae karibu naye, wakala sahani moja. Tulionja vilevile. Tutasema ukweli: ilikuwa tamu kuliko mpale ya barafu, tamu kuliko Thomson, nyama yake ilikuwa na ile utamu ya samaki iliyotoka mu maji usiku. Hii njo inauma.

Mule mu mazungumzo, shofere na shemeji walianza kubishana ni samaki gani ya haki. Shofere alisema bahari ni kubwa, haiwezi kuchafuka yote. Shemeji alimuuliza kama ule mukuba anaupelekaka kule unashushwa wapi. Ku port. Na port iko wapi? Ku maji. Shofere alikula kipande kingine. Creuseur alisema tena kwamba bei ilishuka.

Kwa wale wanaokula samaki ya Lufira, na tunajua ni wengi mu Likasi, mu Kapolowe na vijijini, tunaandika hapa ile ambayo tuliiona ikifanywa mu ile lupango, maana ni kidogo lakini kila mutu anaweza kuifanya. Tosheni matumbo, ini, pa kupumulia na kichwa, musiviweke mu mchuzi. Watoto na wenye mimba, wapewe samaki ya mbali kama iko, hata fretin kidogo. Musile ile ya ziwa kila siku kama munaweza kubadilisha na maharagi ao mayai. Na ile sehemu nyingine, ya kuzuia maji machafu yasiingie mu mito, haiko mu kisu cha mama. Iko ku wale wenye viwanda na ku wale wenye kuvipa ruhusa, na siku ya sikukuu hawakuwa pale kuulizwa.

Jua lilipoanza kushuka, baridi ikarudia. Watu walisogeza viti ku makala yaliyobakia, watoto wakalala ku magoti. Shemeji alisema njia ni ndefu na pikipiki haina taa muzuri. Akaanza kutafuta beseni yake.

Kwetu beseni iliyokuja na kitu hairudi bure. Mama wa nyumba aliichukua mu mikono yake mbele ya shemeji kuishika. Akaenda ku karto ya pili ya Thomson, ile ambayo ilikuwa haijafunguliwa, mu glasière ya dada yake, chini ya barafu.

— Shemeji, batoto yako bako ngapi sasa?

— Sita.

— Na bibi, iko tena na tumbo?

Shemeji alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza toka saa tisa. Akaangalia chini.

— Iko.

Alihesabu kwa sauti, moja moja, zingali ngumu kama ubao. Kufika sita akaongeza mbili kubwa, akafunika na majani ya ndizi, na akamwambia afike mbio, mbele barafu haijayeyuka.